Land Rover ya Babu

Wasomaji wa gazeti letu watanisamehe nikianza habari hii ya motokaa kwa kuwataja kuku. Sina budi, maana kwa muda wa miaka mingi Land Rover ya babu yangu ilikuwa nyumba ya kuku. Matetea walitaga juu ya kiti cha dereva, na jogoo alizoea kuwika akiwa amesimama juu ya usukani. Mtu akitaka yai asubuhi, alifungua mlango wa motokaa.

Kwetu ni Kamachumu, Wilaya ya Muleba, juu ya ule uwanda ambao barabara huupanda kwa mizunguko mingi ukitoka Muhutwe. Land Rover hiyo babu aliinunua katika mnada mwaka 1981, na hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Ilibeba kahawa, ikabeba mikungu ya ndizi, ikabeba maharusi, na mara nyingi usiku wa manane ikabeba wagonjwa kwenda hospitali, kwa sababu kijijini hapakuwa na motokaa nyingine. Mwaka 2005 macho ya babu yakaanza kuingia giza. Akaiegesha chini ya banda la bati nyuma ya kibanja, akafunga mlango, asiiguse tena. Siku hizi babu haoni kabisa.

Desemba iliyopita nilipofika nyumbani kwa likizo nilimkuta mnunuzi wa vyuma chakavu uani, na mizani yake, akipatana bei na baba. Mkononi alikuwa na sumaku. Aliibandika ubavuni mwa motokaa, ikaanguka. Akaibandika mlangoni, ikaanguka pia. Mtu yule akatabasamu. Mimi nilikwisha kufundishwa darasani kwamba sumaku haishiki alumini, kwa hiyo nikaijua sababu ya tabasamu lake, maana alumini ina bei nzuri kuliko chuma. Baadaye nilisoma kwamba Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948, iliundwa bodi ya alumini kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza. Ndiyo maana bodi ya motokaa yetu haikula kutu hata kidogo. Kilicholiwa ni fremu ya chini, ambayo ni ya chuma.

Babu alikuwa ameketi barazani akitafuna kahawa. Hakusema neno, ila nilimwona mkono wake ukitetemeka juu ya mkongojo. Sijui ujasiri niliupata wapi. Nilipiga magoti mbele ya baba nikasema, "Baba, nakuomba unipe muda mpaka likizo ya Juni. Ikiwa haijatembea, iuze."

Baba akacheka. "Wewe hujapata kufungua hata baiskeli!"

Ilikuwa kweli. Lakini babu akasema taratibu, "Mpe, mwanangu. Chuma hakiozi kwa miezi sita." Baba akamtii baba yake, na mnunuzi akafunga mizani akaenda zake, huku akiahidi kurudi.

Basi kazi ikaanza, na aibu yangu ikaanza pamoja nayo. Niliazima spana kwa kijana mmoja anayetengeneza bodaboda, nikaona ile namba 13 inaingia vizuri katika nati nyingi. Nikavuta. Spana ikateleza, nikachubuka vidole, na nati ikaliwa pembe zake zote ikawa duara. Babu alisikia mlio akauliza, "Umetumia spana gani?" Nilipomjibu, alisikitika. Akanieleza kwamba motokaa ile ni ya inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 huidanganya: huingia, lakini haishiki. Tofauti ni sehemu tatu za kumi za milimita tu, nami nilikwisha kuharibu nati nne. Kutoka siku hiyo sikugusa kitu kabla ya kumwuliza babu. Tukagawana kazi: mimi nikawa macho, yeye akawa masikio na vidole. Nilipofungua kitu nilimpa mkononi, akakipapasa, akakitaja jina na kazi yake, kisha tukakiweka juu ya gunia kwa mpango ili tusisahau mahali pake.

Siku ya tatu babu aliniamuru nifungue plagi. Niliogopa, kwa kuwa kijana wa bodaboda alikwisha kuniambia kwamba injini iliyolala miaka yote hiyo lazima imeshikamana. Nilipotumbukiza kijiti katika tundu la plagi, kikatoka kimelowa oili. Nikastaajabu. Babu akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema kwamba siku aliyoiegesha alimimina oili katika matundu yote manne, akaizungusha injini kwa mkono, kisha akarudisha plagi. "Nilijua kwamba mimi sitaiendesha tena," akasema, "lakini sikujua nani atakuja." Nikatia hendeli mbele, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Kwanza ilikataa. Mara ikapumua, "fyuu," ikazunguka.

Niliporudi shuleni Januari nilimweleza mwalimu wetu wa Historia jambo hilo. Akanipa habari ya meli ya Liemba, ambayo imenikaa moyoni hata leo. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika isije ikaangukia mikononi mwa adui, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Nasi watu wa Bukoba tunao mfano wetu. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi katika ziwa letu mwaka 1961, ilikaa bila kazi kwa miaka kadhaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa, ikarudi safarini mwaka 2020. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi naongeza: na vingine vimeundwa mara mbili.

Fedha ya kununulia vitu vidogo niliipata kwa senene. Usiku wa Desemba nilikesha nikiwakamata pamoja na vijana wenzangu, nikawauza, nikapata shilingi 45,000. Kwa fedha hiyo nilinunua plagi nne, nyaya na oili. Panya walikuwa wamekula nyaya zote, na kiwambo cha pampu ya petroli kilikuwa kimekauka na kupasuka kama jani kavu la mgomba. Kiwambo kipya sikukipata Muleba wala Bukoba.

Mapumziko ya Pasaka nilirudi nyumbani na moyo wa haraka. Kwa kuwa pampu ilikuwa mbovu, tulitundika kidumu cha petroli juu, tukaiteremsha kwa mpira mwembamba hadi kwenye kabureta. Jirani akatuazima betri ya sola yake. Nikazungusha hendeli hata jasho likanitoka. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikapiga mlio kama bunduki, kuku wote wakakimbilia migombani. Haikuwaka.

Babu akauliza, "Nyaya za plagi umezipangaje?"

"Moja, mbili, tatu, nne, Babu."

"Hiyo ni hesabu ya shule. Injini hii huhesabu moja, tatu, nne, mbili."

Nikazipanga upya. Babu akanikumbusha jinsi ya kushika hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke, maana injini ikirudisha teke humvunja mtu kidole. Nikazungusha mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu ikawaka!

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Majirani walikuja mbio. Mimi niliruka nikamshika babu nikamwambia, "Babu, motokaa imefufuka!" Babu alikuwa ameinamisha kichwa akiisikiliza. Akasema, "Bado. Hiyo ni kelele tu. Motokaa ni ile inayosimama. Usitie gia mpaka breki ziwe tayari."

Hapo ndipo ninapofika mahali pa aibu, lakini nimeamua kuandika yote.

Asubuhi iliyofuata wazee walikwenda kanisani. Marafiki zangu wawili wakaja. Wakasema, "Imewaka, lakini haijatembea. Baba yako alisema itembee." Maneno hayo yalinichoma. Niliwaza kwamba nikienda polepole, kwa gia ya kwanza, hatua ishirini tu, hapatakuwa na neno. Na hata breki ya mguu ikikosa, ipo breki ya mkono. Tukaiwasha. Nikatia gia, nikaachia klachi, na Land Rover ikatoka bandani kama ng'ombe aliyefunguliwa.

Mbele ya banda letu pana mteremko unaokwenda kisimani. Nilipoona mwendo unazidi nikakanyaga breki. Pedali ikaenda hadi chini bila kukuta kitu. Nikavuta breki ya mkono. Katika Land Rover breki hiyo haiko gurudumuni. Ipo katikati, nyuma ya giaboksi, nayo yetu ilikuwa imelowa oili iliyovuja kwa miaka mingi. Haikushika kitu. Hapo nikamwona mdogo wangu, msichana wa miaka kumi, anapanda kutoka kisimani na ndoo ya maji kichwani.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka nilizungusha usukani kwa nguvu zangu zote, na migomba ikaanza kuanguka mbele yangu, mmoja, wa pili, wa tatu, hata wa sita, ndipo motokaa ikakwama. Mdogo wangu aliruka kando akaangukia mawe. Nilipomfikia alikuwa ameketi ameloa maji, ameushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, wala halii. Alinitazama tu. Kutazamwa kule kuliniuma kuliko fimbo.

Hospitali walisema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Wakamfunga plasta kwa wiki sita. Baba hakunipiga. Alisema neno moja tu: "Nitamwita yule mwenye mizani." Wala mimi sikuwa na la kujibu.

Usiku ule babu aliniita. Nilidhani atanilaumu, lakini alisema hivi: "Kosa ni lako, na kosa ni langu. Nilikufundisha kuwasha kwanza, kwa sababu na mimi nilitamani kusikia mlio wake kabla sijafa. Fundi mzuri huanza na breki." Kisha akamwomba baba asubiri ile Juni aliyoahidi. Baba alinyamaza muda mrefu, akasema, "Mwulizeni mwenye mkono." Mdogo wangu akajibu kwamba yeye hataki motokaa iuzwe, bali anataka isimame.

Basi shida kubwa ikawa raba za breki. Ndani ya kila gurudumu mna silinda ndogo, na ndani ya silinda mna kijiraba mfano wa kikombe. Ukikanyaga pedali, mafuta husukuma raba, raba husukuma pistoni, na breki hukaza. Raba zetu zilikuwa zimekuwa ngumu na kukatika. Nilifunga moja katika karatasi ya daftari nikaja nayo shuleni. Kila Jumamosi nilipopata ruhusa ya mwalimu wa zamu nilikwenda mjini Bukoba, duka hadi duka. Wenye maduka waliipindua mkononi wakacheka. Walikuwa na vya Toyota na vya pikipiki tele. Mmoja aliniambia, "Kijana, kitu hiki kimeniacha nikiwa mtoto."

Mwishowe fundi mmoja mzee alinishauri nitafute Arusha, ambako Land Rover bado ni nyingi. Mwaka 2024 walifanya hata tamasha lao huko, zikakusanyika kwa mamia. Lakini Arusha ni mbali. Akasema njia ya pili ni soko la Kisekka, Kampala, mahali panapouzwa vipuri vya kila namna, na magari ya Bukoba huenda huko kila siku kwa njia ya Mutukula. Akanikutanisha na dereva wa lori. Dereva akauliza, "Land Rover yenyewe ni fupi au ndefu?" Sikujua maana yake. Nikaona haya kusema sijui, nikajibu, "Fupi."

Baada ya wiki mbili akaleta raba. Zilikuwa nzuri, mpya, ila ndogo mno. Fedha yangu ya senene ikawa imekwisha kwa neno moja la uongo.

Nilimpelekea babu habari. Siku ya wazazi kututembelea baba alikuja, akanikabidhi kifurushi. Ndani mlikuwa na kamba ya mgomba iliyosokotwa, basi. Baba akaeleza: babu alikuwa amemtuma mdogo wangu apime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, naye alipima kwa mkono mmoja, plasta ikiwa bado mkononi, baba akimshikia upande wa pili. Babu aliagiza nisiambiwe namba, nipime mwenyewe. Nilitandaza kamba sakafuni darasani. Ilikuwa na sentimita 277. Nikagawanya kwa 2.54, nikapata 109. Hiyo ndiyo Land Rover ndefu. Ile fupi ina inchi 88, nayo breki zake ni ndogo. Nikaikunja kamba polepole. Nilifahamu kwamba mdogo wangu amenipa kwa mkono mmoja kile nilichoona haya kukiuliza kwa mdomo.

Mara hii nilimwambia dereva wa lori kweli yote, hata ile ya uongo wangu. Hakucheka. Baba alitoa fedha kwa mauzo ya kahawa, bila mimi kumwomba, na raba za inchi 109 zikafika wiki moja kabla ya kufunga shule. Pamoja nazo alileta pampu ya petroli iliyotumika, ambayo kiwambo chake ni kizima.

Juni hatukuwasha injini hata mara moja mpaka breki zikaisha. Fundi wa Muleba alikuja kutusimamia. Tuliosha silinda zote, tukatia raba, tukabadili bitana za breki ya mkono, tukajaza mafuta. Ikabaki kazi ya kutoa hewa. Wenzangu wa Fizikia wanajua kwamba mafuta hayabonyei lakini hewa hubonyea. Kiputo kimoja kikibaki ndani ya bomba, mguu wako utaibonyeza hewa na gurudumu halitasikia. Kazi hiyo huhitaji watu wawili, mmoja juu pedalini, mmoja chini gurudumuni na chupa. Nilimtafuta wa kukanyaga. Mdogo wangu akasema, "Ni mimi." Plasta ilikwisha kutolewa. Akaketi kwenye kiti cha kuku, miguu ikiifikia pedali kwa shida. "Kanyaga! Shika! Achia!" Tulifanya hivyo gurudumu hadi gurudumu mchana kutwa, mpaka mafuta yakatoka safi bila kiputo, naye akasema, "Sasa inanisukuma mguu."

Jumamosi ya mwisho wa likizo baba aliwaondoa watu wote njiani, hata mbuzi. Dereva alikuwa yule fundi, kwa kuwa mimi sijatimiza miaka 18 na leseni sina. Babu aliketi kando yake, nami nyuma. Land Rover ikatoka bandani, ikashika ule ule mteremko wa kisimani, ikapita mbele ya visiki vya migomba yangu sita, ambavyo tayari vilikuwa vimechipua. Katikati ya mteremko babu akainua mkono.

"Simama," akasema.

Ikasimama. Haikuteleza wala kusogea. Tulikaa hivyo kitambo kidogo, injini ikinguruma, kijiji chote kimenyamaza. Babu akapapasa dashibodi kama mtu anayempapasa mtoto kichwani.

"Sasa ni motokaa," akasema.

Baba hakutamka neno la sifa, si desturi yake. Lakini jioni nilisikia nyundo nyuma ya nyumba; nilipokwenda nikamkuta anajenga banda la kuku.

Kazi haijaisha. Fremu yahitaji kuchomelewa mahali pawili, taa moja haiwaki, na kabla ya kuingia barabarani lazima ikaguliwe na kukatiwa bima. Hayo yatangoja, maana mbele yangu uko mtihani wa Novemba. Ile kamba ya mgomba ninayo hapa bwenini, nimeitundika juu ya kitanda. Kila nionapo haya kumwuliza mwalimu jambo nisilolijua, huitazama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne